Kompyuta ya zamani kuwa ruta: tulijaribu nyumbani

Nyumbani kwetu Nakivale, Uganda, kuna kompyuta ya mezani iliyokaa muda mrefu bila kazi. Kijana wangu akaniambia, "Baba, tuifanye ruta, nyumba nzima ipate intaneti." Tukajaribu.

Ruta inahitaji tundu mbili za waya: moja ya kupokea intaneti kutoka kwenye modemu, nyingine ya kuigawa ndani. Yetu ilikuwa na moja, tukaongeza kadi. Tukaweka OpenWrt, programu ya bure isiyohitaji mashine yenye nguvu. Intaneti ikatembea vizuri.

Shida ikawa umeme. Sisi tunatumia sola. Tulipopima, kompyuta ilikula wati 60. Ruta ndogo ya dukani hula kama 10, au chini ya hapo. Betri yetu ni volti 12, ampea-saa 100, na betri ya asidi si vizuri kuishusha chini ya nusu. Kabla ya alfajiri taa zikazima, na simu tunayoitegemea kumwita mkunga, maana binti yangu ni mjamzito, haikuwa na chaji.

Sasa tunaiwasha jioni tu, kwa muda wa saa mbili, watoto wakijisomea.