Amana Iliyo Kichwani: Mishipa ya Fahamu na Ugonjwa wa Degedege

  

Leo tumekusudia kuzungumza juu ya amana ambayo kila mmoja wetu amekabidhiwa, wala hakuna aliyeiona yake kwa macho, nayo ni ubongo na mishipa ya fahamu. Huenda mwingine akasema kuwa haya ni mambo ya darasani, si ya mimbari. Sisi hatuoni hivyo. Akili ndiyo inayomfanya mtu apaswe na swala na saumu, na aliyepotewa nayo sheria haimwandikii kosa mpaka arudiwe na fahamu zake. Kitu chenye uzito wa namna hiyo, haifai tusijue kimewekwa wapi na huharibiwa na nini. Na Ibn Sina, tabibu aliyefariki mwaka 1037, hakuona haya kuandika kwa urefu habari za mishipa itokayo ubongoni na mgongoni.

Tuanze na jambo la shambani. Hapa kwetu kila mtu anaujua mkonge, aliyeukata na asiyeukata. Mkataji akichomwa na mwiba ulio kwenye ncha ya jani, mkono huruka nyuma kabla yeye mwenyewe hajatambua kuwa amechomwa. Maumivu huja baadaye kidogo. Kwa nini iwe hivyo? Katika ngozi ya kidole mna ncha za mishipa ya fahamu. Zikiguswa na mwiba, hupeleka habari mbio kwenye kamba ya fahamu iliyomo ndani ya uti wa mgongo, na amri ya kuuondoa mkono hutolewa pale pale mgongoni. Ubongo hupelekewa taarifa wakati kazi imekwisha anza. Mishipa yenye mbio zaidi hupeleka habari kwa kasi ya mita 100 hivi kwa nukta moja. Ile iletayo maumivu ya kuungua na kupwita huenda polepole, mita moja au mbili tu, na ndiyo sababu uchungu wa kidonda hufuata nyuma.

Kamba hiyo ya mgongoni, kwa mtu mzima, ina urefu wa sentimita 45 hivi, na unene wake ni kama kidole cha mwisho. Tumeiita kamba kwa kusudi. Aliyewahi kuona katani ikisokotwa anajua kuwa kamba moja ni nyuzi nyingi mno zilizokusanywa pamoja, na mshipa wa fahamu ndivyo ulivyo. Nyuzi zake nyingi zimevikwa mafuta kwa nje, kama waya wa umeme uvikwavyo mpira, ili habari isipotee njiani. Kutoka katika kamba hiyo hutoka jozi 31 za mishipa kwenda mikononi, kiwiliwilini na miguuni. Jozi nyingine 12 hutoka ubongoni penyewe, na nyingi kati yake huhudumia macho, masikio, ulimi na uso.

Ubongo wenyewe una uzito wa kilo moja na nusu kasoro kidogo, na ndani yake mna seli za fahamu zikadiriwazo kuwa bilioni 86. Upande wa kushoto huongoza mkono na mguu wa kulia, na wa kulia huongoza wa kushoto; kwa hiyo aliyepigwa na kiharusi upande mmoja wa kichwa hupooza upande wa pili wa mwili. Sehemu ndogo iliyo kisogoni hulinda mizani ya mwili, na bila hiyo tusingeweza kuinuka kutoka sijida bila kuyumba. Mbele yake pana shina la ubongo, ambalo huendesha pumzi hata tukiwa usingizini.

Sasa jambo lililotufanya tupande mimbari na maneno haya. Ubongo ni mlaji mkubwa. Hauzidi sehemu mbili katika mia ya uzito wa mwili, lakini hutumia moja ya tano ya hewa safi tuivutayo. Ukikatiwa damu kwa dakika chache, huanza kufa. Na malaria kali hufanya jambo lililo karibu na hilo: chembe za damu zenye vijidudu hunata katika mishipa myembamba ya ubongo na kuizibaziba. Mtoto hukakamaa, macho hugeuka juu, kisha huzimia. Wazee wetu waliita hali hiyo degedege, wakasema huletwa na ndege mbaya apitaye juu ya nyumba. Hatuwacheki. Waliona mtoto akitapatapa kama ndege, wakakipa kitu jina. Lakini hata leo wapo wanaomfukiza mtoto kwa moshi usiku kucha, wakionya kuwa akipigwa sindano atakufa.

Hebu tulipime neno hili la sindano. Mtoto hufikishwa hospitali siku ya tatu, akiwa hajitambui. Hupigwa sindano saa mbili usiku, na alfajiri hufariki. Sindano hutupiwa lawama, na zile siku tatu hazitajwi na mtu. Sisi tumewahi kukaa matangani na kuyasikia maneno hayo, tukanyamaza kwa kuwahurumia wafiwa. Kunyamaza kwetu hakukuwa sawa.

Ukweli wa sindano ulipimwa hapa hapa kwetu. Kuanzia mwaka 2005 hadi 2010, watoto 5,425 wenye malaria kali walitibiwa katika vituo 11 vya nchi tisa za Afrika, na hospitali ya Magunga hapa Korogwe ilikuwa kimojawapo. Baadhi walipewa kwinini, wengine dawa ya atesuneti, zote kwa sindano. Katika kila mia waliopewa kwinini walifariki karibu 11. Waliopewa atesuneti walifariki wanane au tisa. Watoto waliopona humo ni maelfu.

Si kila degedege ni malaria. Homa yoyote kali yaweza kumtingisha mtoto mdogo, lakini mama hawezi kupambanua kwa kumtazama. Hupambanuliwa kwa kipimo cha damu. Kwa hiyo mtoto akishikwa, alazwe kwa ubavu, asitiwe kijiko wala kidole mdomoni, asibanwe kwa nguvu, na apelekwe hospitali saa ile ile.

Kadhalika kifafa. Wapo walioungua mekoni mbele ya watu kwa sababu kila mmoja aliogopa kuguswa na mate yao. Kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa kugusana. Ni mshtuko wa seli za ubongo zinapotoa umeme wake kwa pamoja bila utaratibu. Ibn Abbas amesimulia habari za mwanamke aliyekuwa akianguka, akaja kwa Mtume kuomba dua. Hakufukuzwa wala hakuogopwa. Alichagua kusubiri, ila akaomba asifunuke nguo aangukapo, naye akaombewa. Basi aangukaye mbele yetu avutwe mbali na moto, asitiriwe, na asiachwe peke yake.

Na wale wenye vidonge vya kifafa wasiviache ghafula Ramadhani ikiingia, kwa maana kuviacha ghafula huweza kuleta mishtuko mfululizo. Wamwone mganga wa zahanati mapema, katika Shaabani, awapangie saa za kumeza. Na akiwaambia wasifunge, mgonjwa ana ruhusa yake katika sheria.