Ukubwa na Nguvu za Injini za Dizeli katika Reli Nyembamba
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu serikalini. Nitaeleza kosa langu, maana lina funzo kuliko sifa.

Mwaka mmoja niliandika taarifa juu ya mizigo ya reli yenye upana wa mita moja. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: injini ya nguvu za farasi 2,500 itavuta mzigo mkubwa zaidi kuliko ya farasi 1,500, kwa hiyo injini chache zitatosha. Kabla sijaipeleka kwa wakubwa, nilimwonyesha mwenzetu mmoja tuliyekaa naye bweni moja. Yeye aliishia kidato cha nne, akawa dereva wa treni. Aliisoma, akauliza: "Bwana mkubwa, injini zako hizi zina uzito gani?" Zote mbili zilikuwa na tani 100. Akacheka. "Basi mlimani zitakwama na mzigo ule ule."

Ndivyo ilivyo. Chuma juu ya chuma huteleza. Reli ikiwa kavu, injini hushika kwa kiasi cha robo ya uzito wake; tani 100 hutoa mvuto wa tani 25. Katika mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 50, kila tani ya treni huvuta nyuma kwa kilo 20, mbali na msuguano. Kwa hiyo treni ya tani 1,000, pamoja na injini yenyewe, ndiyo mwisho. Ukizidisha, magurudumu yatazunguka mahali pamoja.

Farasi ni wa nini, basi? Ni wa mwendo. Kwa mvuto huo wa tani 25, farasi 1,500 hupanda kwa kilomita 16 kwa saa, na farasi 2,500 kwa kilomita 27, kabla ya kutoa nguvu zinazopotea njiani.

Wengine hudhani reli nyembamba haiwezi kubeba injini kubwa. Sivyo. Dawa ni kugawa uzito juu ya ekseli nyingi. Garratt za mvuke za daraja la 59, zilizopanda kutoka Mombasa hadi Nairobi tangu miaka ya 1950, zilikuwa na tani 252 kila moja. Huko Brazil, reli ya Vitória hadi Minas, yenye upana wa mita moja kama yetu, ilipata katika miaka ya 1970 injini za dizeli aina ya DDM45, zenye ekseli 8 na farasi 3,600.

Taarifa ile niliichana, nikaandika upya. Kama ingepita, shehena za watu zingelala stesheni.

Mwenzetu huyo yumo humu ukumbini, amekaa nyuma. Viti vya mbele tumewapa wenye shahada. Naomba mwakani yeye ndiye asimame hapa, nami nikae nyuma nisikilize.