Anayojifunza Mtoto Darasani Kisii na Nyamira



Mzazi wa Kisii au Nyamira amwulizapo mtoto wake jioni, "Leo mmefundishwa nini?" aghalabu hujibiwa neno moja tu: "Tumesoma." Kisha humwona amebeba ganda la mgomba na kipande cha jiwe, akashangaa ni masomo gani hayo. Mshangao wake una sababu. Wazazi wengi walisoma katika mpango wa 8-4-4, ulioanzishwa mwaka 1985, ambao katika shule ya msingi uliishia kwenye mtihani mmoja mkubwa wa Darasa la Nane. Mtihani huo ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mpango mpya ulianza kuenea nchini kote mwaka 2019, na tangu masomo yalipopunguzwa mwaka 2024, watoto wa Gredi ya 1 hadi ya 3 wana masomo saba, na wa Gredi ya 4 hadi ya 6 wana manane.

Linaloleta ubishi mkubwa ni la lugha. Katika miaka mitatu ya kwanza yapasa mtoto afundishwe kwa lugha ya mahali pale: Ekegusii vijijini, na Kiswahili penye watu mchanganyiko, kama Kisii mjini. Shauri hilo lilitolewa na kamati ya Bwana Gachathi tangu mwaka 1976. Hata hivyo wako wazazi wanaonung'unika kwamba Ekegusii mtoto anakijua nyumbani, na shuleni angetafuta Kiingereza.

Wazazi hao wafikiri habari ya hesabu. Katika Ekegusii tano ni isano, na sita ni isano nemo, yaani tano na moja. Saba ni isano na ibere, tano na mbili. Nane ni isano na isato, tano na tatu. Mtoto aulizwapo tano na moja ni ngapi, jibu limo ndani ya neno lenyewe, naye akitazama vidole vyake huona ni kweli. Kwenye tisa tu ndipo mwendo unapokatika, kwa maana tisa huitwa kianda, na hilo halina budi kukaririwa. Sita, saba na tisa za Kiswahili zilitoka katika Kiarabu, na mtoto hana njia ila kuzishika kwa kichwa. Kwa hiyo mwalimu aanzaye na Ekegusii hamcheleweshi mtoto; anajenga juu ya msingi uliopo. Kiswahili na Kiingereza navyo hufundishwa tangu Gredi ya 1, na hapo mwalimu ana kazi yake, kwa sababu Ekegusii hakina sauti ya l, na ulimi wa mtoto hupenda kuweka r mahali pake.

Katika gredi za juu huja kilimo, sayansi, na maarifa ya jamii, pamoja na dini. Mtoto hujifunza udongo na mmomonyoko, jambo ambalo mkaaji wa milima ile hahitaji kuelezwa sana. Lakini somo zito kupita yote huenda likawa ni la sehemu. Baba ana ekari mbili na watoto wanne, wake kwa waume, maana Katiba ya mwaka 2010 haibagui. Kila mmoja atapata nusu ekari. Na kila mmoja wao akizaa wanne, mjukuu atapata sehemu ya nane ya ekari: pa kujenga nyumba na kupanda migomba michache, wala si shamba la chai. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, yaani zaidi ya 900 katika kila kilomita moja ya mraba. Nyamira ilikuwa na 605,576. Mtoto wa Gredi ya 5 aweza kuifanya hesabu hiyo mwenyewe, na akiisha kuifanya hana haja ya kuambiwa kwa nini aliletwa shuleni.

Tena lile jiwe. Ni jiwe laini la Tabaka, ambalo mafundi huchonga sahani na sanamu, kisha huzilowesha majini na kuzisugua kwa msasa mpaka zing'ae. Vipande vinavyotupwa na mafundi vyafaa sana kwa somo la sanaa. Mwalimu amwagizaye mzazi maskini kununua vitu dukani, hali vipande hivyo na maganda ya migomba yamejaa kijijini, ameuelewa mpango vibaya, na mzazi ana haki ya kwenda kumwuliza kwa adabu.

Taarifa ya maendeleo nayo haitaji nafasi ya mtoto darasani. Husema amepita matarajio, ameyafikia, anayakaribia, au yuko chini. Neno "anayakaribia" si sifa. Mzazi aulize ni katika jambo gani. Mwisho wa Gredi ya 6 kuna upimaji, uliofanywa kwanza mwaka 2022, lakini haumfukuzi mtu. Mtoto huingia Gredi ya 7, mara nyingi katika uwanja ule ule wa shule, chumba cha pili tu.