Mimea ya Shaba Kwenye Vilima vya Lualaba

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwenye ukanda unaoanzia Kolwezi kupitia Tenke na Fungurume hadi upande wa Lubumbashi, kuna vilima zaidi ya 100 ambavyo vilele vyake havina miti, ilhali msitu wa miombo umetanda pande zote, kwa kuwa shaba na kobalti zilizo karibu na uso wa ardhi ni sumu kwa mimea mingi. Iliyozoea sumu hiyo huitwa mimea ya shaba, na kwa hesabu ya wataalamu iliyochapishwa mwaka 2010, aina zaidi ya 30 hazijulikani kuota kwenye udongo mwingine.

Mmoja wa mimea ya shaba unaojulikana sana ni Haumaniastrum katangense, mmea mfupi wa jamii ya mrehani, ambao huota hata juu ya mabaki ya tanuri za kale zilizoyeyusha shaba ya kutengenezea misalaba iliyotumika kama pesa, kiasi kwamba wanaakiolojia waliufuata ili wavumbue maeneo hayo.

Lakini shaba hiyohiyo ya vilimani huchimbwa, na tatizo ni kwamba mgodi wa wazi hauchimbi pembeni mwa kilima, bali hukiondoa chote. Kuhifadhi mbegu na kuhamisha tabaka la juu la udongo kumejaribiwa na kunasaidia, lakini udongo uliomwagwa mahali pengine si kilima, na mmea wenye kilima kimoja tu hauna pa kukimbilia. Wanaotoa vibali vya uchimbaji wabakize vilima kadhaa bila kuguswa, navyo vichaguliwe kabla tingatinga halijafika.