Mpira Hufungua Mlango, Alama Husaidia Karo
Mazungumzo kwa wazazi na vijana wanaotaka kusoma na kucheza kandanda Marekani



Kila mwaka matokeo ya KCSE yanapotangazwa, wachezaji hodari, wavulana kwa wasichana, huanza kuwaza kwenda kusoma Marekani kwa nguvu ya mpira. Ndoto hiyo si mbaya. Lakini kabla familia haijauza ng'ombe au kipande cha shamba kwa ahadi ya wakala, ni vyema ijue vyuo vya huko vinavyoendesha kandanda.

Mfano mzuri ni Messiah, chuo kidogo cha Mechanicsburg, jimbo la Pennsylvania, ambacho tangu 2020 huitwa Chuo Kikuu cha Messiah. Mwaka 2005 timu yake ya wanaume na ile ya wanawake zote zilitwaa ubingwa wa taifa katika daraja lao. Zilifanya hivyo tena 2008, 2009 na 2012. Wanawake hao hawakuwa wasindikizaji.

Usawa huo unalindwa na sheria. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha Title IX, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu. Chuo hakiwezi kuwapa wavulana kocha, uwanja na usafiri kisha kikawaacha wasichana mikono mitupu. Kwa hiyo, mzazi anayemwondoa binti mazoezini akateke maji, huku kaka yake akibaki uwanjani, anamfungia binti huyo mlango ulio wazi kwa wote wawili.

Sasa suala la pesa. Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kimegawa vyuo katika madaraja matatu. Messiah iko daraja la tatu, lenye vyuo vingi kuliko mengine. Katika daraja hilo, hakuna ufadhili unaotolewa kwa sababu ya michezo. Mwanafunzi husaidiwa kwa alama zake za darasani au kwa uhitaji wa familia yake. Daraja la pili huruhusu ufadhili wa michezo, lakini mara nyingi fungu hilo hugawiwa wachezaji kadhaa, na kila mmoja hupata sehemu tu ya karo.

Basi anayeahidi ufadhili kamili wa kandanda katika chuo cha daraja la tatu hasemi kweli, hata akiwa na barua yenye mhuri.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, familia ifanye mambo matatu:

Kwanza, ithibitishe chuo kiko daraja gani.

Pili, iwasiliane moja kwa moja na kocha na ofisi ya usajili wa wanafunzi, kwa anwani zilizo kwenye tovuti rasmi ya chuo.

Tatu, ikumbuke kwamba fomu ya I-20, inayohitajika kuombea viza ya mwanafunzi, hutolewa na chuo chenyewe baada ya kumkubali mwanafunzi na kuona ushahidi wa pesa za masomo. Wakala hana uwezo wa kuitoa.

Kijana afanye mazoezi jioni, kisha akifika nyumbani afungue kitabu. Dada yake apewe nafasi hiyo hiyo, uwanjani na mezani. Kocha wa chuo kidogo ataangalia miguu yao, lakini ofisi ya usajili itaangalia alama zao.