Vidonge vya Presha na Saumu ya Wazee Wetu

(Mazungumzo na vijana wa Mji wa Kale, Mombasa, mwezi wa Shaabani)



Ndugu zangu vijana, leo sisemi mambo ya fiqhi, masheikh wetu wapo. Nataka tuzungumze juu ya vidonge vya presha, hasa vile vinavyopunguza mbio za moyo. Kila mwezi ukiandama, wako wazee wanaoviweka kabatini mpaka Idi, na sisi tunaotumwa dukani kuwanunulia hatuulizi.

Soma paketi. Atenololi, propranololi, bisoprololi: karibu zote jina lake kwenye paketi linaishia kwa herufi "lol". Kazi yake ni hii. Mwili una homoni inayoitwa adrenalini, ambayo huuamuru moyo uende mbio. Kidonge hukaa kwenye mlango wa kupitia amri hiyo, moyo ukapiga taratibu na presha ikashuka. Propranololi ilitoka miaka ya 1960 katika kazi ya James Black, mtu wa Scotland, na mwaka 1988 akapewa tuzo ya Nobel.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwili uliozibiwa milango kwa muda mrefu hujifungulia mingine. Ukiacha dawa ghafla, adrenalini inaikuta yote wazi. Moyo unakimbia, presha inapanda, na mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kubanwa kifua, hata kupata shambulio la moyo. Tena balaa hili si lazima lije siku ya kwanza. Babu anafunga siku mbili tatu yuko mzima, anasema, "Mwaona, saumu yenyewe ni dawa!" Hapo ndipo anapodanganyika.

Na wallahi hakuna haja ya kuacha. Hapa Mombasa saumu ni kama saa kumi na tatu na nusu, kiangazi na kipupwe. Kidonge cha mara moja kwa siku daktari anaweza kukihamishia futari au daku. Cha mara mbili, kimoja futari na kimoja daku. Cha mara tatu ndicho hakiingii, na hicho daktari huweza kukibadilisha kwa dawa ya mara moja. Lakini nendeni kabla ya mwezi, wiki mbili tatu hivi, apate nafasi ya kupima. Kama mwezi umeshaingia, nenda kesho. Msimpe mzee viwili kwa mpigo kufidia cha mchana. Moyo unaweza kwenda polepole mno akaanguka.

Vile vidonge vya kukojoza ni shughuli nyingine. Ukivimeza daku, maji yote uliyokunywa yanatoka asubuhi, na joto letu mnalijua. Muulizeni daktari kama vinaweza kuliwa jioni.

Mwenye sukari na presha pamoja namhofia zaidi. Sukari ikishuka, mtu hutetemeka na moyo humwenda mbio, ndipo anajua. Vidonge hivi huzificha dalili hizo. Jasho ndilo hubaki. Basi bibi akitokwa na jasho jingi, la baridi, au akianza kusema maneno yasiyoeleweka, mpimeni sukari kama kipimo kipo, na afungue hapo hapo kwa kitu kitamu. Msingoje adhana. Akiwa hawezi kumeza, msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Ruhusa ya mgonjwa iko katika Suratul Baqara, siku zake atalipa, na asiyeweza kulipa ana fidia.

Kwenye tarawehe, mzee akiona kizunguzungu akiinuka kutoka sijida, mwekeeni kiti. Na pale mezani, achari ya ndimu na ng'onda mtamu namna gani, ile chumvi inashindana na dawa aliyoimeza sasa hivi.

Leo mkirudi nyumbani, kabla ya kulala, fungueni lile kabati mhesabu vidonge vilivyobaki.

Wabillahi tawfiq.