Kabla ya Sindano: Namna ya Kumchagua Daktari wa Mbwa na Paka



Kutoka mwalo wa Kibirizi hadi Katonga, na kutoka mitaa ya Ujiji hadi vijiji vya mwambao vinavyofikiwa kwa boti, mbwa na paka ni sehemu ya maisha ya nyumbani. Paka hulinda magunia ya dagaa dhidi ya panya. Mbwa hulinda ua, nyavu, mitumbwi na injini zinazolazwa ufukweni. Wanyama hao hufanya kazi mwaka mzima bila ujira. Lakini siku wanapougua, wenye nyumba wengi huanza kumtafuta daktari siku hiyo hiyo, kwa haraka, na humchukua yeyote atakayepatikana kwanza. Mada hii ina neno moja: daktari wa mnyama huchaguliwa mnyama akiwa mzima, naye hutambulika kwa yale anayouliza, anayopima na anayoandika kabla ya kutoa sindano.

Uzito wa jambo hili hauishii kwa mnyama. Kichaa cha mbwa huua watu wanaokadiriwa kufikia 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao wakiwa Asia na Afrika, na watoto ni sehemu kubwa ya waathirika. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, hakuna tiba ya kutegemewa. Kwa hiyo chanjo ya mbwa ndiyo ukuta wa kwanza unaomkinga mtoto wa nyumba na mtoto wa jirani. Shirika la Afya Duniani linahimiza kwamba mbwa 70 kati ya kila 100 wachanjwe ili ugonjwa usipate njia ya kuenea.

Chukua mfano wa mtoto aliyeumwa na mbwa jioni, akitoka kuchota maji. Miongoni mwa maswali ya mwanzo atakayoulizwa mzazi ni kama mbwa yule alichanjwa. Mwenye mbwa ataleta kadi. Ikiwa chanjo ile ilikaa siku mbili kwenye mkoba, juani, kabla ya kudungwa, kadi itakuwa imeandikwa vizuri huku mwili wa mbwa ukiwa hauna kinga. Hapo ndipo uchaguzi wa daktari, uliofanywa mwaka mmoja nyuma kwa kutazama bei peke yake, unapogeuka kuwa suala la uhai wa mtu.

Nani ni nani

Jambo la kwanza ni kumfahamu mtoa huduma kwa cheo chake halisi. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 iliunda Baraza la Veterinari Tanzania, ambalo ndilo linalosajili wataalamu wa fani hiyo. Daktari wa mifugo ni mwenye shahada ya tiba ya wanyama, shahada ya miaka mitano kama ile itolewayo na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Chini yake wapo wataalamu wasaidizi wenye stashahada au cheti, wengi wao wakiwa wamesoma katika vyuo vya mifugo vya serikali. Hao ndio wananchi wa kata nyingi wanaowaita bwana mifugo au bibi mifugo, nao hufanya kazi kubwa na ya heshima. Sheria inawataka wafanye kazi chini ya usimamizi wa daktari aliyesajiliwa.

Hakuna kosa kumwita mtaalamu msaidizi kuchanja mbwa au kutibu minyoo. Kosa ni kutojua kwamba upasuaji, au ugonjwa usioeleweka, unahitaji daktari aliye juu yake. Msaidizi mwema hutaja mapema jina la daktari anayemsimamia. Muuza duka la dawa za mifugo naye si daktari kwa sababu tu ana dawa rafuni. Mwananchi ana haki ya kuomba kuona cheti cha usajili, na mtaalamu wa kweli hakasiriki kuulizwa. Pale anapokasirika, jibu limekwisha kupatikana.

Anayeuliza na anayepima

Daktari mwema huanza kwa maswali. Mnyama ana umri gani? Alianza lini kukataa chakula? Anatapika au anaharisha? Alichanjwa lini? Ametoka safari au amezurura porini? Amepewa dawa gani nyumbani? Kisha humshika mnyama: huangalia ufizi kama umepauka, hutazama macho, hupapasa tumbo, hupima joto, hutafuta kupe ndani ya masikio na katikati ya vidole. Anayefungua bomba la sindano kabla ya kufanya hayo anabahatisha, na mwenye mbwa ndiye anayelipia bahati nasibu hiyo.

Mkoa wa Kigoma unalifanya jambo hili kuwa la lazima. Sehemu za misitu ya miombo zina mbung'o, na mbwa anayefuatana na watu porini anaweza kupata nagana. Hupata homa, hukonda, ufizi hupauka, na pengine macho huingia ukungu. Magonjwa yaenezwayo na kupe huweza kuonyesha dalili zinazofanana na hizo, lakini dawa zake ni tofauti. Njia ya kuyatenganisha ni tone la damu juu ya kioo, likatazamwa kwa hadubini. Daktari asiye na hadubini lakini anayesema wazi kwamba sampuli ipelekwe maabara ni bora kuliko yule anayetaja ugonjwa akiwa bado amesimama mlangoni.

Uzito nao ni lazima ujulikane. Dawa ya nagana inayotumiwa kwa ng'ombe ikizidi kipimo kwa mbwa huweza kudhuru ubongo na kumuua. Paka ni dhaifu zaidi mbele ya dawa: kidonge kimoja cha parasetamoli, ambacho mtu hukimeza bila wasiwasi, chaweza kumuua paka, na dawa za kupe zenye pemethrini zinazovumiliwa na ng'ombe na mbwa ni sumu kwake. Kwa hiyo atakayeulizwa, “Paka huyu ana kilo ngapi?” na akajibu, “Huyu mdogo, nitampa kidogo,” hajafaa kukabidhiwa paka.

Barafu ndani ya boti

Chanjo ya kichaa cha mbwa huhifadhiwa kwa kawaida katika nyuzi joto 2 hadi 8. Mjini jambo hilo hutegemea jokofu na umeme. Kwa kijiji kama Mwamgongo au Kagunga, ambako chanjo husafiri ziwani kwa saa kadhaa, hutegemea kisanduku cha baridi na barafu. Hapa mkazi hahitaji elimu ya veterinari ili kumpima mtaalamu, macho yanatosha. Je, chupa ilitolewa ndani ya kisanduku chenye barafu, au mfukoni? Je, tarehe ya mwisho wa matumizi imeonyeshwa? Je, kila mnyama amepata sindano yake mpya? Mtaalamu anayejiheshimu huonyesha chupa hata kabla ya kuombwa.

Baada ya sindano huja kalamu. Kadi sahihi ya chanjo ina maelezo ya mnyama, jina la mwenye mnyama, aina ya chanjo na namba ya toleo lake, tarehe ya kuchanja, tarehe ya kurudia, pamoja na jina na saini ya aliyechanja. Mbwa huchanjwa akifikisha umri wa miezi 3, na hurudiwa kila mwaka au kama mtaalamu atakavyoelekeza kwa chanjo iliyotumika. Malipo nayo yawe na stakabadhi: huduma ya halmashauri hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, na mtoa huduma binafsi hutoa risiti. Karatasi hizo mbili ndizo zinazomwezesha mwananchi kudai haki yake iwapo kitu kitaharibika.

Kisu na unyenyekevu

Wapo wanaotaka mbwa dume ahasiwe au jike afungwe kizazi ili wasizagae watoto wasio na mlezi. Ni uamuzi wa busara, lakini ni upasuaji. Daktari mwema hueleza mnyama akae muda gani bila kula, hutumia dawa ya usingizi na ya kuzuia maumivu, huchemsha vifaa au kuvitakasa kwa mtambo, na hutaja siku ya kuja kukagua kidonda. Anayependekeza mbwa afungwe kamba na akatwe akiwa macho anakwenda kinyume cha Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kumpa mnyama mateso yasiyo ya lazima.

Alama nyingine ya daktari mwema ni kusema, “Hili linanishinda.” Anayemtuma mgonjwa kwa mwenzake, anayepeleka sampuli kwenye maabara za Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, au anayekiri kwamba mnyama hatapona na kueleza namna ya kumpumzisha bila mateso, huyo analinda fedha za mwenye mnyama na heshima ya mnyama pia.

Pale pasipo na wa kuchagua

Ni kweli kwamba katika kata nyingi za mwambao mtaalamu ni mmoja, na pikipiki au boti yake inahudumia vijiji vingi. Mkazi wa huko anaweza kuona kwamba habari za kuchagua ni za watu wa mjini. Lakini maswali yaliyotajwa hayahitaji madaktari watatu. Mtaalamu mmoja anayejua kwamba wananchi watauliza barafu iko wapi, uzito umepimwa vipi na kadi iko wapi, atakuja amejiandaa. Mkutano wa kijiji nao unaweza kuomba kwa maandishi, kupitia mtendaji, siku ya chanjo ipangwe mapema ili boti moja ibebe chanjo ya kijiji kizima na barafu ya kutosha. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe 28 Septemba, ni wakati mzuri wa kuomba hivyo.

Mwenye mnyama naye ana wajibu wake. Amzoeshe mbwa kushikwa na kufungwa kamba tangu utotoni. Aandike namba ya simu ya mtaalamu ukutani kabla ya siku ya dharura. Aseme kweli yote: kama mbwa ameuma mtu, kama amepewa dawa ya ng'ombe, kama aliungwa dawa na jirani. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na kwa kichaa cha mbwa kilio hicho huweza kuwa cha nyumba nyingine.

Ikitokea mtu ameumwa, hata kama mbwa ana kadi, kidonda kioshwe mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu apelekwe kituo cha afya bila kusubiri kesho. Mbwa anayeweza kufungwa kwa usalama asiuawe kwa hasira. Afungwe, na mtaalamu wa mifugo amwangalie kwa siku 10, kwa sababu hali yake itawasaidia wahudumu wa afya kuamua. Aliyeumwa asingoje siku hizo ziishe ndipo atafute matibabu.

Kwa hiyo, kabla msimu wa mvua haujakata barabara na mawimbi hayajazuia boti, kila nyumba yenye mbwa au paka ifanye jambo dogo: itafute kadi ya chanjo, isome tarehe yake, na imuulize aliyeisaini jina la daktari anayemsimamia. Nyumba isiyo na kadi iende ofisi ya kata kumuulizia afisa mifugo. Ni matembezi ya asubuhi moja, mbwa akiwa mzima na watoto wakiwa salama uani.